Shajara ya karavani: kutoka mizani hadi kambini

Karavani ninayoizungumzia ni ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari la kawaida, yenye ekseli moja. Nimenunua iliyotumika. Naandika hatua moja moja kadiri zinavyokamilika, ili anayetaka kufuata njia hii aone fedha ilikokwenda na kazi ilikokwama. Gharama nimeziweka kwa mia: bei ya kununulia karavani yenyewe ndiyo 100, na kila kingine ni sehemu ya mia hiyo. Hatua rahisi nazipitia juu juu.

9 Januari: hesabu ya gari

Ununuzi wa karavani huanzia kwenye gari litakaloivuta. Gari ninalo tayari na sina nia ya kulibadilisha, kwa hiyo ndilo lililoamua ukubwa wa nyumba. Kitabu chake kinasema hivi: likiwa tupu lina kilo 1,540, linaruhusiwa kuvuta trela yenye breki ya hadi kilo 1,800, gari na trela pamoja zisizidi kilo 3,700, na kirungu cha kuvutia, lile tufe la chuma la milimita 50 linalofungwa nyuma ya gari, kisikandamizwe kwa zaidi ya kilo 75.

Hiyo 1,800 ndiyo inayowaponza watu. Maana yake ni kwamba gari lenye trela ya uzito huo linaweza kusimama kwenye mlima wa asilimia 12 na kuondoka tena. Ni kipimo cha injini na klachi. Hakisemi lolote kuhusu nani atamburuta mwenzake upepo ukipiga ubavuni. Mwongozo unaotumika sana Uingereza kwa dereva mgeni ni kwamba karavani ikishapakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Kwangu hiyo ni kilo 1,309. Si sheria, na wazoefu huvuka hapo, lakini nimeifanya ukuta. Tangazo lolote linalozidi 1,309 sifungui hata picha.

Kirungu na nyaya zake vimefungwa kwenye gari na fundi. Gharama: 14. Ukiacha karavani yenyewe, ndiyo ankara kubwa kuliko zote katika mradi huu, na haionekani kwenye tangazo la karavani yoyote.

27 Januari: kuzunguka na kipima unyevu

Adui wa karavani ni maji yanayoingia ukutani. Kuta nyingi ni bati jembamba la alumini kwa nje, povu katikati, mbao za fremu, kisha plaiwudi ya milimita 3 kwa ndani. Maji hupenya kwenye skrubu au kwenye fremu ya dirisha, hushuka ndani ya ukuta, na mbao huoza kwa miaka bila mtu kuona chochote. Harufu ya ukungu unapofungua mlango ni ushahidi wa kutosha wa kuaga na kuondoka. Ila muuzaji mjanja huacha madirisha wazi tangu asubuhi, kwa hiyo pua haitoshi.

Nilinunua kipima unyevu chenye sindano mbili (gharama: 1). Chini ya asilimia 15 ukuta ni mkavu. Kati ya 15 na 20 kuna jambo la kufuatilia. Juu ya 20 maji yanaingia, na juu ya 30 tarajia mbao zilizooza. Pima pembe zote nne toka juu hadi chini, chini ya kila dirisha, kuzunguka tundu la paa, na ndani ya makabati ambako hakuna aliyepaka rangi. Halafu bonyeza kwa kidole gumba. Plaiwudi nzima hukataa; iliyooza hukubali.

Sakafu nayo ipime kwa miguu. Tembea taratibu kutoka mlangoni hadi jikoni, ndiko watu husimama zaidi. Ikinesa na kutoa mlio, tabaka za sakafu zimeachana. Hilo hutibika kwa kutoboa matundu na kuingiza gundi maalumu, lakini liingie kwenye bei.

Karavani nzuri kuliko zote nilizoona ilikuwa na ekseli mbili na uzito wa juu unaoruhusiwa wa kilo 1,600. Sikuipima. Nyingine ilisoma 34 chini ya dirisha la mbele, na mwenye nayo, mzee mpole sana, akaniambia, "Mwanangu, huo ni umande tu." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, umande wa ndani ya kabati?" Tukacheka wote wawili, nikaondoka.

Niliyoichukua ina uzito wa juu wa kilo 1,250 kwenye kibati chake, na uzito mtupu wa kiwandani kilo 1,035. Kuta zote zilisoma kati ya 10 na 14, isipokuwa pembe ya nyuma kushoto: 27. Sehemu moja tu, sababu inaonekana kwa macho, bei ikashuka vya kutosha kulipia ukarabati mara mbili. Kabla ya kulipa nililinganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi na ile iliyochorwa kwenye vioo vya madirisha. Zisipolingana, muulize muuzaji kwa nini ukiwa tayari umeshika funguo za gari lako.

8 Februari: imefika, imepimwa

Haikuja kwa kuvutwa. Matairi sikuyaamini, breki sikuzijua, kwa hiyo ilipandishwa kwenye lori (gharama: 5). Lori lilipita kwenye mizani likiwa tupu, kisha likiwa na karavani, na tofauti ikawa kilo 1,100.

Kiwanda kilisema 1,035. Zile 65 zilizozidi ni vitu alivyoongeza mwenye nayo wa kwanza: betri kubwa ya kilo 24, hema la mbele (lile linalosimamishwa mlangoni kambini) la kilo 22, paneli ya jua ya kilo 9 na zulia nene la kilo 10. Yaani katika kilo 215 ambazo kibati kinaruhusu nipakie, 65 zimekwisha kuliwa kabla sijaweka hata shuka. Vitabu vya mauzo havisemi uongo. Vinaieleza karavani ambayo haijawahi kutumiwa na mtu.

15 Februari: matairi

Kashata za matairi zilikuwa na kina kizuri na muuzaji aliyasifu. Lakini ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2313. Wiki ya 23 ya mwaka 2013. Tairi la karavani halifi kwa kulika, hufa kwa kuzeeka, kwa sababu husimama mahali pamoja kwa miezi likiwa na mzigo na jua likilipiga upande mmoja. Ushauri wa kawaida ni kulibadilisha kati ya mwaka wa tano na wa saba, na lisivuke kumi kwa hali yoyote.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Namba ya mzigo kwenye matairi yale ilikuwa 88, yaani kilo 560 kwa tairi. Mawili hubeba 1,120. Karavani inaruhusiwa kufika 1,250. Kuna mtu aliweka matairi ya gari dogo yanayoingia kwenye rimu, basi. Nimeweka mapya yenye namba 96, kilo 710 kila moja, pamoja na la akiba na valvu mpya. Upepo hujazwa kwa kiasi cha kitabu cha karavani, ambacho ni kikubwa kuliko unavyozoea kwenye gari. Gharama: 9.

23 Februari hadi 30 Machi: ukuta wenye maji

Hii ndiyo kazi iliyokula muda, na ndiyo iliyofundisha.

Kwenye pembe ya nyuma kuna reli ya alumini inayopita toka juu hadi chini, ambamo hema la mbele huingizwa. Imefungwa kwa skrubu nyingi, na nyuma yake kuna gundi ya kuzibia. Gundi ile ilikuwa imekauka na kupasuka. Mtu fulani alijaribu kuokoa hali kwa kupaka silikoni kwa nje, juu ya reli. Silikoni ya bafuni ina mabaya mawili hapa: hufungia ndani maji yaliyokwisha kuingia, na ikishagusa chuma hakuna kizibio kingine kinachoshika juu yake. Kuikwangua yote kwa kijiti cha plastiki na kusafisha kwa spiriti kulichukua muda mrefu kuliko ukarabati wenyewe. Usitumie chuma kukwangua. Alumini ni laini, na mkwaruzo huwa njia mpya ya maji.

Skrubu tatu zilikatika kwa kutu. Reli ilipotoka, matundu yalionekana wazi, meusi pembezoni. Kwa ndani nilikata plaiwudi ya ukuta, nikakuta kipande cha fremu cha kama sentimita 60 kinachomeguka kwa vidole, na povu lililolowa.

Kukausha ndiko kulikokwama. Mwanzoni niliweka hita ya umeme ndani, nikafunga mlango na madirisha ili joto lisipotee. Baada ya wiki nzima kipimo kilishuka toka 27 hadi 25 tu, na asubuhi vioo vilikuwa vikitiririka. Maji yalikuwa yanatoka ukutani, yanaelea hewani, kisha yanarudi ukutani usiku. Joto bila njia ya hewa huyahamisha maji, halikaushi. Nilifungua tundu la paa, nikaweka feni ielekee moja kwa moja kwenye tundu la ukuta, na usiku nikatumia mashine ya kufyonza unyevu. Wiki iliyofuata: 19. Iliyofuata tena: 14. Hapo ndipo nilipoanza kujenga.

Ujenzi wenyewe ni wa kawaida: mbao mpya iliyopakwa dawa ikaunganishwa na ile nzima kwa gundi ya poliuretani, povu jipya, plaiwudi mpya. Reli imerudishwa juu ya utepe wa butili, ambao haukauki na kuwa mgumu. Hubaki laini na kufuata bodi inaponyumbuka barabarani. Skrubu mpya ni za chuma kisichoshika kutu, nene kidogo kuliko za zamani ili zishike mbao. Kaza, acha siku moja butili ijitafutie nafasi, kaza tena, halafu kata kinachochuruzika pembeni. Kuzikaza zote kwa nguvu siku ya kwanza hukamua utepe wote nje.

Jaribio lilikuwa mpira wa maji, nikianza chini na kupanda juu polepole, mtu wa pili akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji hushuka na huwezi kujua yameingilia wapi. Hakuna tone. Kipimo cha 30 Machi: 13. Gharama: 8, pamoja na kukodi mashine ya kufyonza.

6 Aprili: breki na beringi

Karavani haina kanyagio. Gari linapopunguza mwendo, trela hulisukuma kwa nyuma, fimbo iliyo kwenye mkono wa trela hurudi ndani na kuvuta nyaya za breki. Huo ndio utaratibu mzima, na ndiyo maana nyaya zikilegea au fimbo ikikauka grisi, gari hubaki linabeba kazi yote peke yake.

Niliinua upande mmoja kwa jeki chini ya ekseli na kuzungusha gurudumu kwa mkono. La kulia lilizunguka vizuri. La kushoto lilikwama baada ya mzunguko nusu. Jaribu la kwanza lilikuwa kulegeza nyaya, na gurudumu likaachia, lakini breki ya mkono ikawa inafika mwisho bila kushika chochote. Mpangilio sahihi ni kinyume: rekebisha kwanza viatu vya breki ndani ya ngoma, magurudumu yote mawili, ndipo uguse nyaya. Nilipofungua ngoma ya kushoto, kiatu kimoja kilikuwa kimeganda kwa kutu kwenye egemeo lake. Kimesafishwa, kikapakwa grisi ya shaba kidogo sana mahali panapogusana chuma kwa chuma, nyaya zote mbili mpya, beringi mpya. Gharama: 6.

Waya wa dharura nao nimebadilisha. Kazi yake ni kuvuta breki ya mkono ya karavani endapo itachomoka kutoka kwenye gari, kisha ukatike. Ufungwe kwenye kitundu kilichounganishwa na gari lenyewe. Ukiuzungusha tu juu ya kirungu unaweza kuruka siku unayouhitaji. Usiburute chini, wala usikaze kiasi kwamba gari likikata kona unavuta breki.

13 Aprili: taa za ajabu

Ukikanyaga breki, indiketa ya kushoto inawaka hafifu. Ukiwasha indiketa, taa zote za nyuma zinapepesa kwa pamoja. Dalili za namna hii karibu kila mara ni athi: umeme ukikosa njia yake ya kurudia, huipitia taa nyingine. Kwenye plagi ya kawaida ya pini saba, athi ni pini namba 3, waya mweupe. Ndani ya plagi waya huo ulikuwa umegeuka unga wa kijani. Nimeukata hadi palipo na shaba safi, plagi mpya, mafuta kidogo ya kuzuia maji. Gari lina soketi ya pini 13, kwa hiyo adapta ilihitajika pia. Gharama: 2. Kabla ya kujua hayo nilishabadilisha balbu zote. Zimekuwa za akiba.

20 Aprili: barabarani

Kabla ya kuondoka: vioo vya kurefusha vya pembeni (gharama: 1), kwa sababu karavani ni pana kuliko gari na vioo vya kawaida huonyesha ukuta mweupe tu. Kikombe cha trela kikishakaa juu ya kirungu, usiamini mlio wa "ka!" peke yake. Shusha gurudumu dogo la mbele na uzungushe mpini kana kwamba unataka kuinua karavani: mgongo wa gari ukipanda pamoja nayo, vimeshikana. Kisha pandisha gurudumu hilo hadi mwisho na ulibane. Linaposahauliwa chini hujichonga kwenye lami hadi ekseli yake.

Tulipita mizani: kilo 1,220. Chini ya 1,250, chini ya 1,309. Uzito wa mbele, ule unaokandamiza kirungu, ulikuwa umepimwa siku mbili kabla: kilo 64. Unaopendekezwa ni asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani, yaani hapa 61 hadi 85, na gari langu linaishia 75. Kila namba ilikuwa mahali pake.

Hadi kilomita 70 kwa saa hakuna neno. Kwenye mteremko mrefu, tukiwa karibu 85, basi likatupita. Hewa inayosukumwa na gari kubwa kwanza huisukuma karavani pembeni, kisha huivuta kuelekea kwenye basi. Nyuma ikaanza kuyumba, na kila mzunguko ukawa mpana kuliko uliotangulia. Mguu ukatoka kwenye mafuta, usukani ukashikwa umenyooka, breki haikuguswa. Ilipofika karibu 65 ikatulia. Kukanyaga breki kwa nguvu, au kukimbizana nayo kwa usukani, huongeza myumbo. Na kuongeza mafuta ili "kuinyoosha" ni ushauri wa vijiweni ambao hugeuza mteremko kuwa mahali pa ajali.

Tulirudi kwa kilomita 60 kwa saa. Kwenye kona kikombe kilikuwa kikitoa sauti ya chuma inayosagika.

27 Aprili: kwa nini iliyumba

Nilipima tena uzito wa mbele bila kugusa kitu: mizani ya bafuni chini, kigogo cha mbao juu yake, kikombe juu ya kigogo, karavani ikiwa sawa kama inavyovutwa. Kilo 38. Asilimia 3.

Zile 64 zilikuwa za kweli siku zilipopimwa, ila siku hiyo hema lilikuwa limetandazwa likikauka na tangi la maji lilikuwa tupu. Hema likarudi kwenye kabati la nyuma, tangi likajazwa lita 25. Hesabu yake si ngumu: chukua uzito wa kitu, zidisha kwa umbali wake toka kwenye ekseli, gawa kwa umbali kati ya ekseli na kirungu, ambao kwangu ni mita 3.6. Hema la kilo 22 likiwa mita 2.2 nyuma ya ekseli linainua pua kwa kilo 13.4. Maji, kilo 25 mita 1.8 nyuma, kilo 12.5. Jumla 26, na 64 toa 26 ni 38. Mizani na hesabu vimekubaliana hadi kilo.

Njia ya mkato ingekuwa kuweka kitu kizito mbele kabisa ili pua ishuke. Namba ingependeza na karavani ingebaki mbaya. Vitu vizito kwenye ncha zote mbili, hata vikilingana, hufanya trela iwe ngumu kutulia ikishaanza kuzunguka. Uzito unatakiwa katikati, chini, juu ya ekseli.

Kwa hiyo: hema limehamia sakafuni juu ya ekseli, likafungwa kwa mikanda. Maji hayasafiri tena, hujazwa kambini. Boksi la spana la kilo 14 lililokuwa nyuma limehamia kwenye gari, nalo lilikuwa linainua pua kwa karibu 8. Kipimo kipya: kilo 72 mbele, jumla kilo 1,180. Asilimia 6.1.

Sauti ya kusagika ilikuwa jambo jingine. Kikombe hiki kina pedi za msuguano zinazobana kirungu ili kupunguza myumbo. Kirungu kipya hutoka kiwandani kimepakwa rangi nyeusi, na rangi ile ilikuwa imeshikana na pedi, zinateleza badala ya kushika. Nimeiondoa yote kwa msasa hadi chuma kitupu, nikafuta kwa spiriti, na pedi nikazikwangua kidogo tu. Angalizo: kikombe cha pedi hakitaki grisi hata tone, ilhali kikombe cha kawaida kisicho na pedi kinaihitaji. Ukiazima karavani ya mtu, uliza ni kipi kabla hujagusa kopo la grisi. Pedi hupunguza myumbo uliopo tayari; karavani iliyopakiwa vibaya haziiponyi, zinaificha tu hadi mwendo uwe mkubwa zaidi.

Gharama ya marekebisho yote: karatasi ya msasa.

Kuivuta upya: 85, mteremko uleule, malori mawili yametupita. Inasogea mara moja na kurudi. Baada ya kilomita 50 nati za magurudumu zimekazwa tena kwa spana ya kupimia nguvu. Moja ilikubali robo mzunguko, nyingine hazikusogea. Rimu ikishatolewa, hili halina mjadala.

4 Mei: kurudi nyuma

Uwanja mtupu, ndoo mbili. Shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, nyuma ya karavani inaenda kushoto. Mwendo wa konokono, na ikipinda kupita kiasi hakuna cha kuokoa, songa mbele uinyooshe uanze upya. Anayeelekeza asimame mahali kioo kinamwona, asipoonekana, simama.

11 Mei: gesi, maji, umeme wa ndani

Zulia lililoondolewa siku ya kwanza liliacha jambo la kutisha: lilikuwa limefunika matundu mawili ya sakafuni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, na matundu yale ndiyo njia yake ya kutoka. Hayazibwi hata kama baridi inaingia. Kilo 10 zimepungua na hatari imeondoka nazo. Mpira wa gesi ulikuwa na tarehe iliyopita na nyufa ndogo ukiukunja. Mpya, na regulata mpya. Viungo vyote vimepakwa povu la sabuni na kimoja kilitoa mapovu hadi kilipokazwa. Kengele ya moshi na ya kaboni monoksaidi zimewekwa. Mitungi ni ya propani. Butani hukoma kutoa gesi joto linapokaribia sifuri, propani huendelea hadi chini sana. Gharama: 3.

Pampu ya maji, ile inayozamishwa, ilinguruma bila kutoa kitu. Imejaa hewa. Ichomoe, izamishe tena huku ukiitikisa chini ya maji hadi mapovu yaishe. Baadaye ikawa inajiwasha usiku kila baada ya muda, bomba zikiwa zimefungwa. Klipu moja chini ya sinki ilikuwa inavuta hewa. Mabomba yamesafishwa kwa dawa na kusuuzwa. Waya wa umeme wa nje ufunguliwe wote kwenye kibiringo kabla ya kutumika, kwani ukizungushwa na kubeba mzigo mkubwa hupata moto. Kibonyezo cha kujaribu swichi ya usalama kimefanya kazi. Gharama: 2.

18 Mei: kambini

Mpangilio uliofanya kazi ni huu. Kwanza pima usawa wa kushoto na kulia wakati karavani bado imefungwa kwenye gari, na gurudumu la upande wa chini lipandishwe kwenye kabari. Vuta breki ya mkono, zuia magurudumu, ndipo uachanishe. Usawa wa mbele na nyuma hufanywa kwa gurudumu dogo. Miguu minne ya pembeni hushushwa mwisho, hadi iguse ardhi na kuzuia mtikisiko, basi. Mmoja wa kwangu ulikuja umepinda na sakafu juu yake ina ufa: aliyetangulia aliutumia kama jeki. Nimeunyoosha, ufa nimeutia gundi, ila mguu huo una mlio hadi leo.

Friji haikupoza usiku wa kwanza. Friji hizi za kufyonza hazina kompresa. Kioevu hushuka kwa uzito wake tu ndani ya mabomba, kwa hiyo zikiinama hukwama. Usawa uliposahihishwa, asubuhi barafu ipo. Ukitumia volti 12, iwe injini inapozunguka tu, la sivyo betri inakwisha kabla hujapata usingizi.

Betri yenyewe: ilijazwa hadi volti 12.7, na baada ya usiku mmoja wa taa chache imesoma 12.1. Kwa betri ya risasi hiyo ni karibu nusu au chini yake, na chini ya nusu ndiko zinakofia.

1 Juni: daftari

Jumla ya nyongeza juu ya ile 100: kirungu na nyaya 14, matairi 9, ukuta 8, breki 6, lori 5, gesi 3, taa 2, maji na umeme 2, kipima unyevu 1, vioo 1. Yote 51.

Kilichobaki: betri. Ya risasi ya ukubwa uleule ni kilo 24 tena. Ya lithiamu ni karibu nusu ya uzito huo na inaruhusu kutumiwa zaidi ya nusu bila kuumia, ila chaja iliyopo ni ya enzi ya risasi na itabidi ibadilishwe nayo. Kabati la betri liko mbele ya ekseli, kwa hiyo betri nyepesi itapunguza uzito wa mbele, na 72 haitakuwa 72 tena. Mizani ya bafuni imebaki ndani ya karavani, chini ya kitanda.